Kamba Niliyoishika kwa Niaba ya Serikali

Siku yenu ya kwanza kazini watawaonyesha kabati la mafaili, watawaonyesha daftari la mahudhurio, na choo cha wafanyakazi na mahali ufunguo wake unapofichwa. Hakuna atakayewaambia msishike kamba ya ng'ombe. Nawaambia mimi. Msishike. Mimi niliishika kwa dakika ambazo hata tano hazikufika, na dakika hizo zilimgharimu mtoto wa miaka sita karibu mwaka mzima wa maisha yake, na mimi zikanigharimu kazi yangu.

Naitwa Mama Festo. Shule yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililisoma nikitokea kwenye mpunga kule Mpimbwe na matope miguuni, kwa hiyo nikikosea kuandika mnisamehe. Kwa mengine sitaomba msamaha. Nilikuwa mhudumu katika ofisi ya ustawi wa jamii miaka ishirini na miwili. Kufagia, kuchemsha chai, kupeleka barua, kubembeleza watoto wakati mama zao wanalia. Ofisi yenyewe siitaji. Iko humu humu Katavi, na leo imejaa vijana kama nyie ambao hawajamkosea mtu. Lakini waliohusika nawataja kwa majina, maana wao walipoandika majina yetu kwenye mafaili yao hawakutuomba ruhusa.

Kazi ya matunzo ya mtoto mmesoma chuoni, najua. Mama anakuja, anasema baba wa mtoto hatoi kitu. Afisa anaandika barua ya wito. Baba anakuja, wanakaa, wanakubaliana, anaweka saini. Akikaidi, faili linakwenda mahakamani. Ni nzuri kabisa, imenyooka kama reli. Ila kuna kitu kimoja vitabu vyenu havisemi: ile barua inakwenda kwa miguu ya nani?

Mimi najua kwa jino langu. Nilifika kwenye ofisi ile nikiwa mlalamikaji, Festo mgongoni, nimetembea. Baba yake, Deo, alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine karibu na machimbo ya dhahabu, na dhahabu alikuwa anapata, nasikia. Afisa wa wakati ule, mzee mmoja anaitwa Bonifasi, akaniandikia barua nzuri yenye muhuri, kisha akanipa mimi mwenyewe. "Mpelekee mumeo. Ofisi haina mafuta." Nikampelekea. Deo hata hakuifungua, alitazama bahasha tu. Mkiniona nikicheka mtaliona pengo, hapa mbele juu. Nikarudi ofisini na barua ina damu, kanga ina damu. Bonifasi akaivaa miwani yake, akaitazama bahasha upande huu na upande huu, akaniuliza: "Sasa, amesaini kwamba amepokea?"

Aliyecheka siku ile ni mmoja tu, na alicheka kwa hasira. Huyo ni Mzee Kanoni, tarishi wa ofisi, Mkonongo wa Inyonga, mtu wa mizinga ya nyuki tangu babu zake. Akamwambia Bonifasi, "Mwanamke unampa barua akampelekee mtu anayempiga. Kesho utampa na fimbo ampelekee?" Halafu akanigeukia. "Wewe mama, ufagio unajua kuushika? Maana hapa utakuja sana, na matunzo hutapata. Bora upate chai."

Alisema kweli. Matunzo ya Festo sikuyapata mpaka mtoto ameota ndevu. Lakini kazi nilipata, kwanza kibarua, baadaye nikaajiriwa.

Barua alinifundisha Mzee Kanoni, na haya msiyaandike kwenye daftari, yawekeni kichwani. Barua ya wito, alisema, ni kama moshi wa kurinia asali: ukiukosea upepo, unarudi machoni mwako. Baiskeli iegemeze ikitazama barabarani. Usiseme umetoka wapi. Omba maji ya kunywa, keti, sifia mahindi. Uliza, "Mwenye shamba hili ni nani, maana sijaona shamba kama hili tangu nitoke nyumbani." Mwanaume anaweza kujificha akiitwa na serikali, lakini hawezi kujificha akisifiwa. Atakuja mwenyewe, atasema jina lake kwa mdomo wake mwenyewe. Hapo ndipo unatoa bahasha kwenye kanga. Na msimu uuchague. Mwite baba wakati wa kulima, atakwambia anakufa njaa. Mwite tumbaku ikishauzwa, mpunga ukishavunwa, akiwa na shati jipya. Shati jipya ni ushahidi.

Siku moja tulikwenda kwenye kijiji cha tumbaku kumtafuta baba wa mapacha. Mama yake akatupokea kwa kilio. "Mwanangu alikufa jamani, kaburi lile pale." Kweli kuna tuta la udongo, limechomekwa mti wa mhogo. Mzee Kanoni akavua kofia. Akasali, tena akasali sana, mpaka mimi nikaanza kulia. Alipomaliza akasema kwa sauti ya juu, "Pole mama. Sasa kuna hela yake ya tumbaku imebaki chama cha ushirika, tulitaka kumkabidhi. Basi itabidi irudi." Kihenge kikatikisika. "Mzee! Mzee subiri! Niko hapa!" Marehemu akatoka na pumba za mahindi kichwani. Mzee Kanoni akampa barua na kalamu. "Saini hapo, marehemu."

Tulicheka njia nzima. Lakini sikilizeni nilichokuja kukiona baadaye. Safari ile ya kumfufua marehemu tulikwenda kwa baiskeli yake Mzee Kanoni, tairi lake, jasho lake. Gari la ofisi lilikuwepo, jeupe, limeoshwa. Mafuta yake yalikuwepo siku za semina tu. Mama akija anaambiwa alete karatasi, alete jalada la faili, akatoe kopi dukani, arudi Jumatatu, na Jumatatu afisa yuko kwenye semina ya matunzo ya watoto. Nauli ya kurudi na kurudi ilikuwa inakula kile anachokifuata. Nimewaona akina mama waliouza kuku, wakauza debe la mahindi, wakauza sufuria, ili wapate cha kumlisha mtoto miezi miwili. Sufuria lenyewe ndilo la kumpikia huyo mtoto. Mfumo wa kusaidia watoto, wanauita. Mimi niliuona ukila kwanza, kisha watoto wakiramba sahani.

Mzee Kanoni alistaafu, akarudi Inyonga kwenye nyuki zake. Bonifasi naye akaondoka. Akaja Gaudensi.

Gaudensi Kalimbwe. Naandika jina lote. Kijana, suti, simu mbili, ana digrii. Mwanzoni nilimpenda, maana alifukuza mbuzi uani na alipaka ofisi rangi. Alikuwa na ubao ukutani, ameandika kesi zilizofunguliwa na kesi zilizofungwa. Zilizofungwa zikiwa nyingi, wakubwa wa mkoa wakija wanampa mkono. Kwa hiyo kazi yake ikawa ni kufunga. Mtoto amekula, hajala, hilo halikuwa na nafasi kwenye ubao.

Ndipo alipokuja Koleta. Binti wa Inyonga, Mkonongo, mkimya, anauza asali kwenye chupa pembeni ya stendi. Alizaa na kijana wa Kisukuma, Masunga, wa familia ya wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Hawakuoana. Mtoto anaitwa Jenifa, wao wanamwita Jeni. Siku ya kwanza alipokuja naye ofisini alikuwa na miaka sita hivi, gauni limetoboka kwapani, anaongea kama redio. Akaniuliza, "Bibi, jino lako liko wapi?" Nikamwambia, "Nimelipeleka kwenye wito." Akacheka bila kuelewa. Koleta hakucheka.

Barua niliipeleka mwenyewe, nilimkataza Koleta asiipeleke. Masunga akaja na baba yake, Mzee Lutema, mtu mrefu, shuka begani, fimbo imelainika kwa kushikwa. Masunga alisema hana hela, yeye ni wa kuchunga tu. Mzee Lutema akasema hela hawana, lakini ng'ombe wanao. Akauliza kwa upole, tena mara mbili, kama serikali inakubali ng'ombe.

Gaudensi akatazama ubao wake. Wakubwa walikuwa wanakuja wiki ile. "Tunakubali," akasema. "Ng'ombe wawili, mama atauza au atakamua, mtoto atakula. Kesi imefungwa."

Siku ya kuleta ng'ombe walikuja wazee saba. Hapo ndipo nilitakiwa kushtuka. Kuleta matunzo ya mtoto mmoja wanakuja wazee saba? Walivaa vizuri, wamekaa kwenye benchi kama kanisani. Ng'ombe wawili wamesimama chini ya bendera, mmoja wa maziwa, mmoja mtamba mwekundu mwenye doa jeupe tumboni. Mzee Lutema akasimama, akasema, "Nani anapokea kwa upande wa mtoto?"

Koleta alikuwa bado hajafika, basi lilikuwa limeharibika njiani. Gaudensi yuko kwenye simu. Akaziba simu kwa mkono, akasema, "Mama Festo, hebu shika hiyo kamba."

Nikashika.

Wale wazee wakatazamana. Mzee Lutema akaniinamia kidogo, akasema, "Wabeja, mayu," yaani asante mama, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Wakaomba karatasi yenye muhuri. Gaudensi akawaandikia kwamba ng'ombe wamepokelewa, akagonga muhuri, akaniambia nisaini, mimi shahidi.

Nyie mnaotoka mbali na huku, niwaeleze. Kwa Wasukuma wengi, mwanaume akizaa nje ya ndoa, mtoto ni wa upande wa mama. Lakini akipeleka ng'ombe mbele ya wazee, upande wa mama wakapokea, basi amemkomboa mtoto, mtoto anakuwa wa ukoo wa baba. Hili halina siri. Mimi naishi Kawajense, jirani yangu ukuta kwa ukuta ni mama wa Kisukuma, Mama Ng'washi, nimelisikia mara mia tukichambua mchele. Na pale, nikiwa na kamba mkononi, nikajua nimepokea nini.

Wazee walipotoka nikamwambia Gaudensi. "Afisa, hawa hawakuleta matunzo. Hawa wamekomboa mtoto."

"Mama Festo, hayo ni mila. Hapa ni sheria."

"Wao wamekuja kwa mila, afisa. Umewapa muhuri."

Akacheka. Karani wake, Edga, akacheka pia, maana Edga alikuwa anacheka kwa ratiba ya bosi. Gaudensi akasema, "Darasa la saba wameanza kutafsiri sheria sasa. Mama, chai iko wapi?"

Na mimi nikaenda kuleta chai. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sitalifunika kwa jina la Gaudensi. Ningeweza kuwakimbilia wale wazee, walikuwa hawajafika hata barabara kubwa. Nikachemsha maji, nikatia tangawizi.

Sasa cheka kidogo kabla hujakasirika. Koleta alifika jioni, akaambiwa ng'ombe hawawezi kwenda Inyonga bila kibali cha kusafirisha mifugo. Afisa mifugo alikuwa kwenye semina. Ng'ombe wakalala ofisini, siku ya kwanza, ya pili, zikafika siku tisa. Koleta naye akalala kwangu. Mtamba akala maua ya Gaudensi, nikafurahi. Akala daftari la wageni lililosahaulika dirishani, kuanzia Januari mpaka Machi. Maziwa ya yule ng'ombe mwingine Edga alikuwa anakamua asubuhi na kuyauza kwa jirani, mengine wanatilia chai, wanasema ni gharama za ulinzi. Siku ya saba mtamba akakata kamba, akaingia kwenye mihogo ya watu, mgambo wakaja na faini. Ikaja gharama ya kibali, ya sindano, ya Fuso la kuwabeba. Kila aliyekuja alikuwa na mkono wazi. Koleta alikuwa na chupa tatu za asali.

Gaudensi akasema ng'ombe mmoja auzwe, gharama zilipwe. Mtamba mwekundu akauzwa. Kilichobaki kwenye bei yake walisema kimeingia kwenye "uendeshaji". Koleta akaenda Inyonga na ng'ombe mmoja aliyekonda. Ubaoni, upande wa zilizofungwa, likaongezwa jina la Jenifa. Na Mei Mosi Gaudensi akapewa cheti cha mfanyakazi hodari. Nilipiga makofi, maana tulikuwa tunatazamwa.

Mvua zilipita. Kiangazi kilipoanza, asubuhi moja nafagia, namwona Koleta kwenye ngazi, hana viatu, hana kanga ya juu.

"Mama Festo, wamemchukua Jeni."

Walikuwa wamekuja mchana kweupe, watu wanne na pikipiki mbili, mpaka shuleni. Hawakumpiga mtu, hawakutukana. Walimwonyesha mwalimu na mtendaji wa kijiji karatasi yenye muhuri wa ofisi yetu. Mtendaji akaona muhuri wa serikali, akanyoosha mkono, akasema haya. Walimwachia hata Koleta kilo mbili za sukari. Waliona wako sawa, na kwa upande wao walikuwa sawa. Karatasi ile, chini kabisa, ina saini yangu. Herufi zangu kubwa za darasa la saba.

Koleta akaingia kwa Gaudensi, mimi nikasimama mlangoni na ufagio. Gaudensi akamsikiliza akichezea kalamu. Akasema, "Lile faili lilishafungwa. Itabidi tufungue jipya. Kanunue jalada, leta picha ya mtoto, leta barua ya mtendaji. Nitakuandikia wito, umpelekee Mzee Lutema."

"Nimpelekee mimi?"

"Ofisi haina mafuta."

Miaka ishirini na zaidi, wanangu. Rangi ya ukuta imebadilika, simu zimekuja, hela sasa zinatumwa kwa simu na makato juu, na bado ofisi haina mafuta. Nilihisi pengo langu linauma, mahali ambapo jino halipo.

Jioni ile nikamwuliza Mama Ng'washi mtoto aliyekombolewa anarudishwaje. Aliacha kupepeta. "Wewe ndiye ulipokea?"

"Mimi."

"Jamani Mama Festo, wewe na kazi yako ya chai! Ng'ombe warudi. Wote wawili, mbele ya wazee wale wale, na kamba irudishwe na mkono ulioipokea. Mwingine akiipeleka, watamwona mpita njia."

Nikarudi kwa Gaudensi. Nikamwambia, afisa, ofisi ilimla mtamba wa mtoto, ofisi imrudishe. Mmoja Koleta anaye, mmoja mnadaiwa nyie.

"Mama Festo, hakuna kifungu."

"Kifungu cha nini?"

"Kwenye bajeti. Hakuna kifungu cha ng'ombe."

"Cha kumla kilikuwepo?"

Edga safari hii alisahau kucheka.

Nilikuwa nimefikisha miaka hamsini na mitano, umri wa kustaafu kwa hiari. Nikaandika barua kwa mkono wangu. Gaudensi akafikiri ni hasira, akaniambia nifikirie tena, chai yangu wameizoea. Kiinua mgongo kilichukua miezi yake kutoka, mnajua wenyewe, leta hiki leta kile, na miezi yote hiyo Jeni yuko kwa watu na mama yake anakaa kwangu anachambua mchele. Kilipotoka, watu wanasema Mama Festo alijenga. Sikujenga. Nilikwenda mnadani nikanunua mtamba mwekundu.

Tuliondoka Koleta, mimi, Mama Ng'washi wa kutusemea, na kijana wa kuswaga ng'ombe, mtamba wangu na yule wa Koleta aliyeletwa kutoka Inyonga. Kamba nilibeba mwenyewe. Ile ile, yenye fundo pale mtamba alipoikata. Siku mtamba alipouzwa mnunuzi alikuja na kamba yake, yetu ikabaki kwenye msumari stoo ya ofisi, nami nikaichukua siku naaga. Ndicho kitu pekee nilichoiba serikalini.

Mzee Lutema aliwaita wazee. Walikuja sita, mmoja alikuwa amefariki. Nikasimama na ng'ombe wangu wawili.

"Mwangaluka, mayu," wakanisalimu. Nikaitikia. Mama Ng'washi akasema tulichojia.

Mzee Lutema akamzunguka mtamba. Akamwinamia tumboni. "Huyu si wangu."

Akanigeukia.

"Wangu alikuwa na doa jeupe. Tena alikuwa na mimba changa. Huyu ni nani?"

Ningeweza kudanganya. Nilitazama ile kamba, nikasema, "Wako aliliwa, baba."

"Na simba?"

"Na ofisi."

Mzee mmoja akacheka, mwingine akafuata. Wakataka niwasimulie. Nikawasimulia, kibali, semina, sindano, mihogo, mgambo, Fuso, maziwa ya Edga, uendeshaji. Kila gharama moja wanapiga mapaja, "Yalaa! Endelea mayu!" Nilipofika kwenye cheti cha Mei Mosi mmoja alilala chini kabisa kwa kicheko. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, mmoja baada ya mwingine. Mzee Lutema akauliza taratibu, "Kwa hiyo mtoto hakunywa yale maziwa?"

"Hakunywa."

"Na huyu mtamba amenunua nani?"

"Mimi."

"Kwa nini wewe? Kijana mwenye suti yuko wapi?"

"Aliyeshika kamba ni mimi, baba."

Akawa anachora chini kwa fimbo. Nilikuwa nafikiri ile mimba. Kama angedai ndama, sikuwa na kitu kingine cha kuuza ila bati za nyumba, na nilikuwa tayari naezua kichwani, hili la jikoni, hili la chumbani.

"Mimi sikuiba mtoto," akasema. "Niliuliza serikali mara mbili kama inakubali. Wewe ulinisikia."

"Nilisikia."

"Basi." Akanyoosha mkono. Nikamwekea kamba. Aliishika, wazee wakaona, kisha akaifungua shingoni mwa mtamba, akaikunja, akanirudishia. "Hii kaa nayo. Uwaonyeshe wenzako."

Jeni aliitwa. Alikuja kutoka kwenye ndama, amekua, nywele zimenyolewa, ushanga shingoni. Hakukimbia. Alifika mbele ya Koleta akapiga magoti, akamsalimu kwa Kisukuma, kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni. Koleta hakijui Kisukuma. Aliitikia kwa Kiswahili. Nawaambieni, mimi nimepigwa mpaka jino likatoka, lakini sijapata kuona mtu akipigwa vile.

Wakati wa kuaga nikakumbuka kazi yangu. Nikamwuliza Mzee Lutema, "Na matunzo je? Masunga yuko wapi?"

"Masunga yuko Mpanda mjini, anaendesha bodaboda. Mpelekeeni barua."

Tulitazamana na Koleta. Tulicheka, jamani. Mtoto akatukodolea macho. Tulikuwa njiani, pale tulipokaa kula mihogo, ndipo Jeni aliponisogelea akanitazama mdomoni, akasema kwa Kiswahili kinachochechemea, "Bibi, hujarudishiwa tu?"

Mama yake akamvuta, akampakata, na safari hii alikubali.

Leo Jeni anasoma, anaongea tena kama redio, kwa lugha tatu. Baba yake hajatoa hata daftari. Namwona stendi, shati jipya. Gaudensi alihamishwa kwa kupanda cheo, na nasikia anaendesha semina za usuluhishi, gari lina mafuta. Edga yupo bado.

Kwa hiyo wewe utakayepangiwa pale, uliza kabati la kushoto, rafu ya chini. Kuna faili la kaki limefungwa kwa mpira wa baiskeli, juu limeandikwa Jenifa, na kwa wino mwekundu, LIMEKAMILIKA. Ndani ukurasa wa mwisho kuna saini yangu. Mimi sina tena mamlaka ya kuligusa, hata nilipokuwa nayo yalikuwa ya kufuta vumbi tu. Lifungue wewe. Barua ukishaiandika, mama wa mtoto usimpe. Njoo Kawajense, uliza kwa Mama Festo mwenye pengo. Baiskeli ya Mzee Kanoni alinirithisha, matairi nimebadilisha. Twende wote.